Kazi ya jioni



Juma hili nimeletewa kesi. Msikilizaji mmoja wa Temeke ananiandikia kwamba mwanawe wa kiume amemaliza kidato cha nne, hakufaulu sana wala hakufeli sana, na tangu amalize shughuli yake ni moja tu, kuchora. Anachora kwenye karatasi, kwenye maboksi ya sabuni, kwenye ukuta wa choo. Mzee amemtafutia nafasi ya kujifunza udereva. Kijana amekwenda siku tatu, ya nne hakuonekana. Mama mtu anasema mwacheni mtoto afuate anachokipenda. Mzee anasema kupenda hakujazi sufuria. Nyumba imegawanyika, nami naombwa niamue.

Sitaamua. Mtu anayeamua ugomvi wa mke na mume kwa njia ya redio hana budi kupimwa akili. Lakini maneno hayo mawili, la mama na la baba, nimeyasikia katika nyumba nyingi za mji huu, na kila ninapoyasikia naona watu wawili wanaogombea mkeka unaowatosha wote. Wote wawili wanadhani kijana lazima achague. Ama achore afe njaa, ama ashibe aache kuchora. Nani kawaambia hivyo? Hebu tuwatazame watu waliofanya kazi hiyo katika nchi hii tuone waliishije.

Tingatinga mnamjua. Watoto wa siku hizi wakisikia jina hilo wanafikiria mtambo wa kuchonga barabara, nao hawakosei, kwa kuwa Kiswahili kimeuita hivyo. Mimi namsema Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko wilaya ya Tunduru, kusini. Habari zake zimesimuliwa sana kwa watalii, na habari zinazosimuliwa kwa watalii hulainishwa. Wanaambiwa kwamba alikuwa mtu wa kijijini ambaye siku moja alishika brashi na ulimwengu ukashangaa. Mambo hayakwenda hivyo.

Alitoka kwao kama walivyotoka vijana wengi wa kusini wakati ule, kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge mkoani Tanga. Kutoka huko akaja Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, akatunza bustani za Wazungu. Baada ya Uhuru akaishi kwa vibarua vya hapa na pale, kama tunavyowaona wengi wakiishi. Picha za kuuza alianza kuzichora mwaka 1968. Piga hesabu: alikuwa na miaka thelathini na sita. Mtaani kwetu mtu wa miaka thelathini na sita ambaye bado hana kazi ya kueleweka watu wamekwisha kumfunga kwenye daftari. Huyu ndiye huyu, hana jipya. Na hata picha zilipoanza kutoka, hakutupa mshahara. Alipata kazi katika hospitali ya Muhimbili, ya kuhudumia wagonjwa. Zamu ikiisha, anarudi kwenye ubao wake.

Yuko mwingine, marehemu George Lilanga, ambaye vibwengo vyake vyenye masikio makubwa na vidole vya kuhesabika vimezunguka nusu ya dunia. Huyu alizaliwa mwaka 1934 upande wa Masasi, na uchongaji alikuwa nao tangu ujana. Alipokuja Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 1970, aliingia katika Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa mwaka 1972. Aliingia kama nani? Kama mlinzi. Mtu ambaye baadaye kazi zake zilipelekwa Marekani, Ulaya na Japani alianza kwa kulinda mlango ambao wenzake waliupita wakienda kuchora.

Wa tatu alikuwa msomi. Sam Ntiro wa Kilimanjaro alisoma Makerere na London, akarudi Makerere kufundisha, na picha yake moja iko katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Tulipopata Uhuru akatumwa London kuwa balozi wetu wa kwanza. Sasa niambieni, yule mhudumu wa wodi, yule mlinzi na yule balozi, ni nani aliyesubiri kwanza kazi anayoipenda imlishe ndipo aifanye? Wote walikuwa na mlo unaotoka kwingine. Sanaa ilikuwa kazi ya jioni.

Naomba mlishike neno hilo, kazi ya jioni, kwa sababu nitalirudia, na nitakapolirudia halitakuwa na maana hii hii.

Kabla ya hapo nataka kusema juu ya vifaa. Watu wanapozungumzia ubunifu wanazungumza kama vile ni pepo anayepanda kichwani. Mimi sijamwona pepo huyo. Nimewaona mafundi, na fundi unayemwona akibuni, mara nyingi kuna kitu mkononi kinamsumbua.

Marehemu baba yangu alikuwa fundi baiskeli, Morogoro mjini, na makopo madogo ya rangi ya baiskeli nayafahamu kwa harufu. Rangi ile ni ya mafuta, nzito, inang'aa ikikauka, na haina haraka ya kukauka. Ukiweka rangi ya pili wakati ya kwanza ingali mbichi, zote mbili zinaharibika na unabaki na tope. Baba alikuwa akiipaka fremu jioni, anaining'iniza kwa kamba, na ole wake mtoto atakayeigusa kabla ya asubuhi. Rangi hiyo ndiyo aliyoichukua Tingatinga. Hakuwa na fedha za rangi za wachoraji zinazotoka ng'ambo, wala turubai lao. Alichukua hadibodi, ule ubao mwembamba tunaoupigilia darini, akaukata vipande vya mraba vya futi mbili kwa mbili hivi. Ubao mzima wa futi nne kwa nane unatoa vipande vinane. Kwa hiyo ubao mmoja ni picha nane, na hapo mmekwisha kuona kwamba mtu huyu alikuwa anajua hesabu.

Sasa tazama picha zenyewe. Nyuma kuna rangi moja iliyotulia. Mbele kuna mnyama, chui au nyati au ndege, amejaa ubao mzima, amezungushiwa mstari mkali, hana kivuli. Juu ya ngozi yake kuna madoa yaliyowekwa moja moja. Wataalamu wameandika mengi juu ya mtindo huo na wengine wameandika vizuri. Lakini mimi, mtoto wa fundi baiskeli, nikiitazama picha ile naona pia mtu aliyekuwa akingoja rangi ikauke. Ardhi kwanza, ikauke. Mnyama, akauke. Madoa mwishoni. Rangi haikumruhusu kuchanganya vivuli laini kama wafanyavyo wachoraji wa Ulaya, naye hakukaa akilia kwamba hana vifaa. Aliifuata rangi ilikotaka kwenda, na huko ikampeleka mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Wala hakuzificha picha zake uvunguni akingoja sifa. Alikwenda kuziuza pale Morogoro Stores, Oyster Bay, walipokuwa wakinunua mahitaji yao wageni na wenye nazo. Anayesema kwamba kupenda kazi na kutafuta mnunuzi ni vitu viwili visivyokaa nyumba moja, aende akalitazame eneo lile. Baadaye shirika la umma nalo likaanza kuzinunua picha zake. Na ndani ya muda mfupi aliwakusanya jamaa zake na marafiki akawafunda: Ajaba Abdallah Mtalia, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Simon Mpata na Omari Amonde. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ndivyo ilivyokuwa. Wa kwanza kutayarisha ubao, wa pili kupaka ardhi, na kidogo kidogo kila mmoja akapata mnyama wake.

Kisha mwaka 1972, usiku, mjini hapa, polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Alikufa na umri wa miaka arobaini. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Miaka minne! Wako watu wanaomaliza miaka minne wakitafuta jina la biashara. Na kazi ile haikuzikwa naye, kwa sababu alikwisha kuitia katika mikono sita mingine. Wale sita wakafundisha wengine, wengine wakafundisha wana wao na wapwa zao, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika. Ndiyo maana neno fundi na neno kufundisha yametoka shina moja. Fundi asiye na mwanafunzi ni duka ambalo siku mwenyewe akiugua linafungwa.

(Nimesema fundi, na najua baadhi yenu mmekunja uso. Mmemkumbuka fundi nguo aliyepokea kitambaa chenu mwezi mmoja kabla ya Idi, na mkesha wa sikukuu akawaambia bado vifungo. Huyo tumwache. Siku yake nitamtafutia mazungumzo yake peke yake, nami nitakuja na kitambaa changu kama ushahidi.)

Basi narudi kwenye kazi ya jioni kama nilivyoahidi. Wengi wetu tunadhani mtihani wa mtu anayependa kazi yake ni njaa. Akivumilia njaa, ameshinda. Mimi naona mtihani mgumu zaidi unakuja siku anapoanza kushiba.

Tembea mahali watalii wanapopita, Mwenge, Slipway, Mji Mkongwe wa Unguja, Arusha. Utaona tembo watatu mbele ya mlima Kilimanjaro. Duka la pili, tembo watatu mbele ya Kilimanjaro. Duka la tatu, Wamasai saba, warefu kama milingoti, jua linazama. Utarudi nyumbani ukisema sanaa imekufa, hawa wananakili tu. Nami nilikuwa nikisikia watu wakisema hivyo na kuitikia kwa kichwa, mpaka nilipokwenda kukaa asubuhi nzima na mchoraji mmoja, kijana wa miaka kama thelathini hivi, katika kibanda chake. Jina lake ninalihifadhi.

Alinipa kigoda, akaniamkia, akaendelea na kazi. Alikuwa na mbao sita mbele yake, zote zimepakwa ardhi ya machungwa, na alikuwa akipita kutoka ubao hadi ubao akichora twiga. Shingo, shingo, shingo. Kisha miguu, miguu, miguu. Mkono haukusita hata mara moja. Nikamwuliza, mwanangu, wewe umekwisha kuchora twiga wangapi? Akacheka, akasema, "Mzee, sijawahesabu. Lakini twiga ndiye anayelipa ada ya mtoto."

Nikamwuliza, na nani halipi ada?

Akafuta mikono, akaingia nyuma ya pazia, akatoka na ubao mmoja mkubwa uliofunikwa kanga. Ilikuwa picha ya kina mama kwenye foleni ya maji, usiku. Ndoo zimepangwa, za njano, za buluu, moja ina ufa uliozibwa kwa mpira. Mama mmoja amelala ameegemea ndoo yake. Bomba liko mbali kabisa, pembeni, dogo kama sindano, na kutoka kwenye bomba hilo linadondoka tone moja jeupe. Amelichora kwa doa lile lile la rangi analowekea chui madoa. Nawaambia kweli, niliisikia kiu.

Picha ile ilikuwa na umri wa miaka miwili na haijanunuliwa. Watalii hawataki foleni ya maji, wamekuja kupumzika. Lakini yeye haiachi. Oda ya twiga ikiisha, jioni, anaitoa kanga na kuongeza kitu. Mwezi uliopita, alisema, alimwongeza mtoto. Hajajua kama mtoto yule atabaki.

Hapo ndipo nilipoelewa. Tingatinga alikuwa na wodi mchana na ubao jioni. Kijana huyu ubao wenyewe umekuwa wodi. Ile kazi ambayo wenzake wa zamani waliifanya baada ya kazi, yeye ndiyo ajira yake, ina saa zake, ina mabwana zake, ina uchovu wake, na anachukua oda zake kwa simu. Kazi unayoipenda ikikulisha inageuka kuwa kazi kama kazi nyingine, na inakubidi utafute jioni mpya. Mwenye jioni hiyo bado ni fundi, hata kama mchana kutwa anachora twiga. Asiyekuwa nayo tena, hata kama picha zake zinauzwa kwa dola, ameajiriwa na twiga.

Kwa hiyo mimi simlaumu mtu kwa kurudia. Mkono unajifunza kwa kurudia. Hata maseremala waliochonga milango ya Unguja, ile yenye minyororo na maua ya yungiyungi, walirudia minyororo ile ile mlango hadi mlango, na kila mlango mzuri una mahali ambapo seremala amefanya la kwake. Sheria nayo iko hivyo hivyo. Tunayo sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, nayo inalinda picha fulani ya mtu fulani isichukuliwe na mwingine. Hailindi mtindo. Hakuna mtu awezaye kumshtaki mwenzake kwa kuchora chui mwenye madoa juu ya ardhi ya machungwa. Angeweza, nusu ya wachoraji wa mji huu wangekuwa mahabusu.

Ninachokilaumu ni udanganyifu. Mfano ni mpingo. Mti huu ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama. Weusi uko moyoni tu, nje yake kuna ganda la rangi ya maziwa, na mchongaji hodari hulitumia ganda hilo, analiacha liwe nywele au nguo au ukingo. Mti huo huo ndio Wazungu wanaotengenezea zumari zao, zile ziitwazo klarineti na oboe. Unakua polepole mno na patasi inauogopa. Sasa mtu anachukua mti laini, anachonga kwa nusu siku, anaupaka rangi ya viatu, anaupangusa kwa kitambaa, anamwambia mgeni huu ni mpingo. Mgeni anafika kwao, mvua inanyesha, kinyago kinamchafua mikono. Siku hiyo amewapaka rangi ya viatu wachongaji wote, pamoja na yule mzee aliyekaa miezi mitatu na gogo moja.

Sasa nimrudie mzee wa Temeke. Nimesema sitaamua, lakini sikusema sitauliza. Unasema mwanao anapenda kuchora. Kupenda ni jepesi, wengi tunapenda kuimba bafuni. Mimi ningependa kujua kama anamaliza. Zile picha za kwenye maboksi, zina miguu? Au ana vichwa arobaini na hakuna hata kimoja kilichopata kiwiliwili? Akikosea mkono wa mtu, anaufuta na kuuchora tena, au anaufunika kwa mti? Hayo unaweza kuyaona mwenyewe, wala huhitaji kuwa msanii. Wewe ni mtu mzima, unaijua kazi iliyomalizika na kazi iliyofunikwa.

Ukikuta anamaliza, usimtoe kwenye udereva. Naam, umenisikia sawasawa, na mama naye anisikie. Mrudishe akajifunze udereva, umnunulie na kopo la rangi. Leseni haijawahi kumzuia mtu kuchora, kama vile wodi ya Muhimbili haikumzuia mtu wa Tunduru. Mlinzi wa Nyumba ya Sanaa alikuwa na usiku mzima wa kufikiri. Kisha mtafutie fundi. Zamani ningesema mpeleke kwa mwandika vibao vya maduka, maana pale vijana wengi walijifunza kuushika mkono usitetemeke. Lakini mashine za kuchapa mabango zimewala wale mafundi, na waliobaki ni wachache. Wako wale wa ushirika wa Oyster Bay. Iko Bagamoyo, chuo cha sanaa kilichoanza mwaka 1981, ambacho leo ni taasisi. Asikae peke yake tu na ukuta wa choo. Ukuta haumwambii mtu amekosea wapi.

Na asipomaliza? Basi ni kijana anayepumzika baada ya mtihani, mpe muda.

Lakini sitaki kuondoka nikiwa nimemsema kijana na wazazi wake tu, maana liko kundi la tatu ambalo halikuandika barua, nalo ni sisi. Sisi tunaonunua gazeti na kusikiliza redio, tulio na sebule. Hebu inua macho sasa hivi utazame ukuta wako. Kuna kalenda ya benki, au ya kampuni ya bima, ya mwaka jana. Kuna picha ya harusi. Pengine kuna maporomoko ya maji ya nchi ambayo hujaijua, yamechapwa kwa mashine, yana fremu ya dhahabu ya plastiki. Fremu hiyo umeinunua kwa bei ambayo mchoraji wa Mwenge angekupa ubao uliochorwa kwa mkono, na ukirudi mara ya pili angekukumbuka kwa jina.

Ipo hoteli moja mjini hapa, sitaitaja, niliyoalikwa semina. Ukumbini mlikuwa na picha kumi na mbili za wanyama wa Afrika. Nikasogea kusoma jina la mchoraji. Hapakuwa na jina. Zilikuwa zimechapwa ng'ambo, zote kumi na mbili, na kutoka mlango wa hoteli ile mpaka kwa mtu wa kwanza anayechora tembo kwa mkono ni mwendo wa kuvuta sigara mbili. Nilimwuliza meneja, akaniambia za kuchapwa hazibanduki rangi. Nilitaka kumweleza habari ya rangi ya baiskeli, lakini semina ilikuwa inaanza.

Simon Mpata, yule mwanafunzi wa Tingatinga, alifariki mwaka 1984. Iko hoteli ya mbugani huko Masai Mara, Kenya, iliyopewa jina lake na Wajapani walioipenda kazi yake. Mjapani ametoka kwao akapita juu ya Bahari ya Hindi kuja kuliweka jina la Mpata mlangoni. Hapa Dar es Salaam ukitaja Mpata wataku­uliza ni mchezaji wa timu gani.

Tumezoea kusema wasanii wetu wanawachorea watalii tu, hawatuchorei sisi. Watatuchoreaje na sisi hatununui? Ile picha ya foleni ya maji ilichorwa kwa ajili ya mtu aliyewahi kulala ameegemea ndoo. Mtalii hawezi kuwa mtu huyo. Ni wewe, ni mimi, ni mama wa Temeke. Nilimwuliza yule kijana bei. Akataja bei ya twiga wawili, akasema kwa mzee atapunguza. Nikamwambia asipunguze. Nikamwambia pia nitaichukua mwisho wa mwezi, na kwamba yule mtoto abaki.

Jambo moja dogo kwa watakaokwenda kununua. Mwambieni mchoraji aandike jina lake, lote, na mwaka, na kama ni kinyago kichwe jina chini ya kitako. Wengi hawaandiki mpaka waombwe, au wanaandika jina la mtindo badala ya lao. Picha za mkono wa Tingatinga mwenyewe, zenye E. S. Tingatinga pembeni, leo zinatafutwa na watoza wa Ulaya, na kwa kuwa zinatafutwa wamezuka na wa kuzighushi. Risiti nayo ichukueni, hata ya kuandikwa kwa mkono.

Fundi mitambo ananionyesha kidole kimoja kupitia kioo, maana yake dakika moja, na yeye haongezi. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazungumzia bei ya mbao na wanaokata miti usiku. Wale wenye malalamiko juu ya mafundi nguo leteni barua zenu mapema, kabla ya mfungo. Kwaherini.